Mpisheni Mzazi

Mtu akisimama kusali, kitu kidogo tu kinatosha kumtoa. Mchana ule kilichomtoa Sikudhani kilikuwa ushanga.

"Upo salama," ushanga ulisema kutoka kwenye tawi.

"Upo salama," ukadakia mwingine. Kisha mwingine tena, mpaka zote sita zikawa zimeitikia, kila moja kwa wakati wake, kama watoto wa darasa la kwanza wanaokimbizana na mwalimu kusoma ubaoni.

Sikudhani, paji la uso likiwa kwenye mkeka, alipoteza alipofika. Akaanza upya. Kushoto kwake Bi Havijawa alivuta pumzi puani, na pumzi ile ilikuwa na maneno ndani yake.

Walipotoa salamu tu, Bi Havijawa akageuka akalitazama tawi.

"Hivi huyu bibi mliyemfungia humo ndani hana dini?"

"Afadhali anasema salama," Nakijwa alijibu kutoka mekoni. "Siku akisema mengine utamkumbuka."

Nakijwa alikuwa binti wa Kipare, Mlutheri, na wenzake wakisali yeye hukaa kando akisema ya kwake kimoyomoyo huku akiangalia sufuria ya chai. Walikuwa watatu tu siku hiyo, wanawake wa kujitolea, wamepanda mlima kutia miche ya msambu ardhini. Ule moto mkubwa ulikuwa umekula msitu mpaka vijito vikakauka, na tangu hapo kila kijiji cha bondeni kilikuwa kikitoa watu wake kwa zamu. Hakuna aliyelipwa. Walikuja kwa sababu walitaka maji yarudi, na yalikuwa yakirudi: nyuma ya jiwe lile walilosalia, maporomoko yaliyokauka miaka mingi yalikuwa tena na sauti.

Na walikuja kwa sababu ya shanga. Maana msitu ulipoota, wanyama nao walirudishwa, na hakuna mama angemwacha mtoto wake nyumbani aende kupanda miti mbele ya meno. Basi wataalamu wakatengeneza kitu. Kila mnyama wa kuogopwa, chui, nyati, tembo, alitiwa punje chini ya ngozi ya shingo. Kila binadamu aingiaye msituni alivaa ushanga. Ushanga ukikaribiana na punje, mnyama husikia kitu kama siafu masikioni, akageuka akaenda zake. Mtu hamwoni mnyama, mnyama hamgusi mtu. Wenyewe waliuita ukuta.

Lakini ushanga husema. Kila baada ya kitambo hukutuliza moyo, utake usitake. Ndiyo maana wanawake hawa, wakifika kwenye jiwe, walizivua wakazitundika kwenye tawi, wapate kusema na Mola wao bila mtu wa tatu. Na jana yake, walipopewa shanga mpya wakaambiwa warudishe za zamani, hawakuzirudisha. Walizifunga pamoja kwa kamba ya mgomba wakaziacha pale juu, zilinde mkeka na sufuria yao usiku kucha. Lilikuwa wazo la wote watatu, na wote watatu waliliona zuri.

Sikudhani alikuwa anakunja mkeka aliposikia mlio.

Ulikuwa mwembamba, mkavu, kama mlango mdogo unaofunguka. Ulitoka chini ya miguu yao.

"Paka?" aliuliza Nakijwa.

"Paka atoke wapi huku?"

Sikudhani alilala kifudifudi ukingoni mwa jiwe akachungulia. Chini palikuwa na ufa mpana kidogo kuliko mlango wa kuku, na ndani ya ufa, juu ya majani makavu, kulikuwa na vitu viwili vya rangi ya moshi. Kimoja kilikuwa kimelala. Cha pili kilimtazama kwa macho ya buluu kama ya kipofu, kikafungua mdomo, na ule mlango mdogo ukalia tena.

Aliinuka polepole. Kabla hajasema neno, shanga zote sita ziliunguruma kwenye tawi kwa pamoja. Hawakuwahi kuzisikia hivyo.

"Mnyama amekaidi," zilisema. "Onyo la pili."

* * *

"La kwanza lilikuwa lini?" Nakijwa aliuliza.

La kwanza lilitolewa usiku, likasikiwa na mkeka na sufuria.

Bi Havijawa ndiye aliyemwona wa kwanza. Hakupiga kelele. Alinyoosha kidevu tu kuelekea ng'ambo ya korongo, pale njia yao inapokatiza kushuka bondeni.

"Mwenye koti," alisema. Ndani ya msitu jina lake halitajwi.

Alikuwa chui jike. Alikuwa akitembea kwenye mstari ambao macho ya mtu hayakuuona, huku na huku, kama mbuzi aliyefungwa kambani. Kila alipogeuza uso kuwaelekea alisimama ghafla, akatikisa kichwa, akajikuna sikio kwa mguu wa mbele kama anayetaka kulitoa. Kisha akaanza tena. Majani aliyokuwa akiyakanyaga yalikwisha kuwa tope. Chini ya tumbo lake chuchu zilikuwa zimejaa, na alipogeuka maziwa yalidondoka.

Sikudhani alichukua ushanga wake mpya tawini akaubana kwa vidole viwili, kama walivyofundishwa kuita kambini. "Bwana Shekolowa," aliita. "Shekolowa, baba, unanisikia?"

"Nawasikia, mama zangu." Mkuu wa kambi alikuwa mtu wa kusema taratibu, lakini leo maneno yalimtoka haraka. "Mko wapi? Kwenye kioo naona shanga sita. Ninyi si watatu?"

Sikudhani akamweleza. Alimweleza yote, jiwe, sala, tawi, kamba ya mgomba, ufa, watoto. Hakuficha kitu.

"Mama yangu," Shekolowa alisema. "Shanga hazikai pamoja. Zikikaa pamoja zinasikilizana, moja inamwongezea mwenzake sauti. Ukuta wa ushanga mmoja unafika hatua chache tu. Hizo sita zimefunga korongo zima. Usiku nilipoona onyo la kwanza nilidhani za zamani zimeingia maji."

"Basi tuzichukue tushuke tuondoke."

"Mtapita wapi? Njia ni ile ile moja. Nyuma yenu maporomoko. Mkishuka mmezivaa mtamsukuma, na huyo hatasogea, ana watoto mgongoni mwenu. Mnyama wa kawaida huogopa akaenda. Huyu ataendelea kuupiga kichwa ukuta."

"Akiendelea?"

"Onyo la tatu punje inapasuka. Ina dawa. Analala."

"Anaamka lini?"

"Haamki," Shekolowa alisema. "Punje haijui kama ni mzazi. Inajua kuna mnyama anayewang'ang'ania watu. Ilitengenezwa kwa ajili ya mla watu."

"Zima basi huko kwako," Bi Havijawa alisema kwa sauti ya juu.

"Haina pa kuzimia, Bi mkubwa. Zamani ilikuwapo. Majangili wakawa wanaizima wanaingia. Wakubwa wakasema, ukuta usiwe na mlango kabisa." Akakohoa. "Askari wa msitu wako upande wa pili wa mlima. Watafika jua limekwisha kuzama. Kaeni hapo. Msivue. Ninyi mko salama."

"Upo salama," ulisema ushanga mmoja tawini, kana kwamba umesikia umeitwa.

Nakijwa alikuwa ameishika sufuria ya chai kwa kanga. Alimwaga chai yote juu ya jiwe.

"Bwana Shekolowa," alisema, "unakumbuka siku ile uliyotangaza kuwa nimekufa?"

Sikudhani aliikumbuka. Ushanga wa Nakijwa ulikuwa umetumbukia kwenye sufuria hii hii, tupu, na mwenyewe akaufunika bila kujua. Kambi nzima ikapanda mlima na machela. Bati lile zito lilikuwa limeukata ushanga na dunia, hausikii wala hausikiki, mpaka mfuniko ulipofunuliwa.

"Naikumbuka," Shekolowa alisema polepole. "Sikiliza, mwanangu. Mimi siwezi kukwambia fanya. Siwezi. Aliyevua ushanga msituni, litakalompata ni lake, na akirudi mzima hapandi tena mlima huu. Ndiyo sheria, nami ndiye ninayeiandika." Akashusha sauti. "Na mkitia humo, itabidi ziwe zote. Ukibaki mmoja tu nje, pango liko chini yake. Mama hataingia."

* * *

Sikudhani alikaa juu ya mkeka uliokunjwa. Alikuwa ndiye kiongozi wa kikundi, amechaguliwa msikitini na kanisani kwa siku moja, na mpaka leo kazi hiyo ilikuwa ni kugawa majembe tu.

Akawaza. Tukikaa, hatuna dhambi yoyote mbele ya watu. Mnyama atakufa kwa ukaidi wake, watoto watakufa kwa njaa, na sisi tutashuka na askari tukinywa maji ya glukosi. Tukivua, tumemfungulia mlango chui aliyeteswa usiku kucha na mchana, na hakuna kati yake na sisi isipokuwa Mungu. Akamtazama Nakijwa, ambaye ana mtoto mchanga kwa bibi yake. Mimi ni mjane, akawaza, watoto wangu wamekwisha kukua. Lakini huyu?

Chini ya jiwe mlango mdogo ukalia.

"Angalieni jambo la aibu," Nakijwa alisema. Kifuani kwake gauni lilikuwa limelowa, duara mbili, zikizidi kutanuka. Alicheka huku akilengwalengwa na machozi. "Hata maziwa hayajui kuwa huyu si wangu."

"Wewe una mtoto nyumbani," Sikudhani alisema.

"Najua nina mtoto nyumbani, dada. Ndiyo maana nakwambia." Akavua ushanga mpya aliokwisha kujivika akautia kwenye sufuria. Ukalia kama punje ya mahindi kwenye kikaango.

Sikudhani akatia wake. Akafungua kamba ya mgomba, akatia zile tatu za zamani, akaegesha mfuniko. Ndipo wote wawili wakageuka.

Bi Havijawa alikuwa amesimama, ushanga wake ukiwa shingoni, ameushika kwa mikono miwili.

"Mimi hapana," alisema.

Hakuna aliyeshangaa. Kijiji kizima kilijua habari ya Twahiri, mwanawe wa pekee, aliyekwenda kuokota kuni miaka ile kabla ya shanga.

"Nilipoambiwa kimetengenezwa kitu cha kumzuia nduli huyu, nililia siku hiyo kama ndiyo siku ya msiba," Bi Havijawa alisema. "Nimekivaa kwa ajili ya Twahiri. Ninyi tieni vyenu. Mnajua mnachofanya."

Sikudhani alitaka kusema jambo la dini. Alikuwa na aya mdomoni. Akauona uso wa mwanamke yule akaona kuwa aya hiyo Bi Havijawa anaijua, na anaijua vizuri kuliko yeye.

"Mimi siwezi kukuvua, Bi mkubwa," alisema. "Na sitakuomba."

Wakakaa. Jua lilikuwa limeinama kidogo. Ng'ambo ya korongo mwenye koti hakuwa tena akitembea. Ushanga ukiwa mmoja ukuta ulikuwa umepungua, naye alikuwa ameusogelea mpaka chini kabisa ya jiwe, karibu kiasi kwamba walisikia pumzi yake. Alijilaza kifua chini, akanyoosha mguu mbele, akaurudisha kama ameungua. Akanyoosha tena. Mtoto alilia. Mama akaitika, sauti ya chini, kama msumeno kwenye mti mbichi.

Ushanga wa Bi Havijawa ulianza kuunguruma.

Bi Havijawa alikuwa akimtazama yule mnyama kwa jinsi mtu anavyotazama picha aliyopigwa yeye mwenyewe zamani, akajisahau.

"Walinishika mikono," alisema. Hakuwa akisema nao. "Nilimsikia ng'ambo ya mto. Alikuwa akiniita, sauti yake naijua. Wanaume wakanishika huku na huku, wakasema, mama, usiende, utaliwa na wewe. Walikuwa watu wema. Walinishika mpaka sauti ikaisha."

Ushanga ukazidi kuunguruma.

"Sijawasamehe," alisema.

Akaupitisha ushanga juu ya kichwa, ukanasa kwenye kilemba, akauvuta kwa hasira mpaka kilemba kikaanguka. Akasukuma mfuniko kando, akautupa ndani ya sufuria.

"Funika," alisema. "Funika haraka. Mpisheni mzazi apite."

* * *

Sikudhani aliweka mfuniko, akaweka kiganja juu yake.

Ndani ya bati shanga zilipoteza dunia. Zikaanza kuuliza, moja baada ya nyingine, kwa sauti ndogo ya mtu aliye chini ya blanketi: "Uko wapi? Uko wapi?"

Mwenye koti hakuja kwa kuruka kama walivyotarajia. Alikuja kama mtu anayeingia nyumba aliyoambiwa imehamwa. Alinyoosha mguu, akangoja siafu. Hawakuja. Akaweka mguu wa pili. Walimwona chini yao, mgongo mpana wenye madoa ukipita kwenye jua, kisha ukaingia kwenye ufa. Mlio wa mtoto ukakatika ghafla.

Nakijwa alimshika Sikudhani kiunoni. Kisha wakasikia kunyonya.

Haikuchukua muda. Alitoka na mmoja mdomoni, amemshika ngozi ya shingo, miguu minne ikining'inia. Akavuka korongo, akapotea kwenye majani.

"Tufunue sasa," Nakijwa alinong'ona.

"Bado mmoja."

"Dada!"

"Bado mmoja, Nakijwa. Akirudi akikuta ukuta tumefanya bure."

Walingoja. Hondohondo alipita juu akipiga mbawa zake kama mtu anayekung'uta shuka. Sikudhani alisoma alichokuwa nacho moyoni, midomo ikitembea bila sauti.

Aliporudi, hakupita chini. Alipanda juu ya jiwe.

Sasa walikuwa naye kwenye sakafu moja. Alikuwa mkubwa kuliko alivyoonekana, na mwembamba, na nyuma ya masikio manyoya yalikuwa yametoka kwa kujikuna. Harufu yake ilikuwa ya damu kavu na ya maziwa. Aliwatazama mmoja mmoja. Bi Havijawa alimtazama naye, kichwa wazi, mvi zote nje, wala hakuinamisha macho.

"Uko wapi?" iliuliza sufuria.

Masikio yakasimama. Akaja. Alikuja mpaka kwenye sufuria, akainamisha kichwa, na Sikudhani akasikia pumzi ya moto juu ya vidole vyake. Ndevu zake zilimgusa kwenye kiungo cha kidole gumba. Sauti ile alikuwa akiijua. Usiku wote na asubuhi yote ilikuwa imemtesa, na sasa alikuwa ameikuta imekaa kitako ndani ya bati, chini ya mkono wa mwanamke.

Kofi moja tu lingetosha. Mfuniko ungeruka, na baada ya mfuniko mengine yote.

Sikudhani hakuusogeza mkono. Hakuubana wala hakuulegeza. Alisema kwa sauti anayotumia kwa ng'ombe anayezaa, "Haya, mama. Mwanao anakungoja."

Chini ya jiwe mtoto wa pili akalia.

Mwenye koti akageuza kichwa. Akaruka chini, na mara hii hakunyonyesha. Walimwona akivuka na mzigo wake, hatua za haraka, mkia chini, mpaka majani yakafunga nyuma yake.

Ndipo Bi Havijawa alipokaa chini, akaokota kilemba chake, akakikung'uta, akakifunga. Kilikaa upande.

"Tunashuka vipi?" Nakijwa aliuliza. "Tukizivaa sasa hivi tutamkuta njiani na yule mtoto mdomoni."

"Tunashuka hivyo hivyo," Sikudhani alisema.

Akaifunga sufuria kwa kanga, mfuniko na mishikio yake, akajitwika. Walishuka njia nzima bila ukuta, watatu kwa safu, miti pande zote ikiwa na macho au haina, na juu ya kichwa chake shanga ziliendelea kuuliza. Walipopita penye miche waliyoipanda asubuhi, Sikudhani alipunguza mwendo akaiangalia. Mmoja ulikuwa umelala. Aliinama na sufuria kichwani, akausimamisha, akaushindilia udongo kwa vidole, kwa sababu alijua hatarudi.

* * *

Shekolowa aliwangojea kwenye lango la kambi, kofia mkononi. Alikuwa ametokwa na jasho kama yeye ndiye aliyeshuka mlima. Aliwahesabu kwa macho, akawahesabu tena.

"Alhamdulillahi," alisema. Kisha akakumbuka kazi yake. "Shanga ziko wapi?"

Sikudhani alitua sufuria chini, akafungua kanga, akafunua.

"Upo salama," zilisema zote kwa pamoja.

"Sasa ndiyo mnajua?" Bi Havijawa aliziuliza.

Shekolowa hakucheka. Alizitoa moja moja akazifuta kwa kitambaa. "Majina yenu nitayafuta kesho, mama zangu. Mnanielewa. Nisipoyafuta, kila mtu atakuja na sufuria yake."

"Futa, baba," Sikudhani alisema. "Haki yako. Ila uwaambie watakaokuja, shanga zisikae pamoja. Na pale kwenye jiwe wasisali tena. Pana mwenyewe."

"Nitawaambia." Akasita, akageuza ushanga mmoja vidoleni. "Kuna jambo moja linabaki. Watoto wote wa chui hutiwa punje wakiwa bado hawajatoka pangoni. Kikosi kitanipigia simu jioni hii kuuliza. Mama yao kawahamishia upande gani?"

Nakijwa aliangalia chini. Bi Havijawa akakinyoosha kilemba chake.

Sikudhani hakuwahi kusema uongo tangu alipojua maana yake, na hakuona sababu ya kuanzia kwa Shekolowa, aliye mtu mwema. Aliiokota sufuria yake, akaangalia ndani kama mna kitu kilichobaki.

"Kamwulize mama yao," alisema, akaenda kuteka maji ya chai.